Titina De Filippo

Annunziata De Filippo, aliyejulikana zaidi kama Titina De Filippo (Napoli, 27 Machi 1898 – Roma, 26 Desemba 1963), alikuwa mwigizaji wa vichekesho wa jukwaani kutoka Italia. Aliigiza pia katika filamu.

Maisha

Alikuwa dada mkubwa wa waigizaji Eduardo na Peppino De Filippo. Baba yao alikuwa Eduardo Scarpetta, mwigizaji na mwandishi wa vichekesho aliyevuma sana Napoli wakati huo. Mama yao, Luisa De Filippo, hakuwa mke wa Scarpetta bali mpwa wa mke wake. Kwa hiyo watoto hao watatu walibaki na jina la ukoo wa mama, na baba yao mzazi walimwita mjomba. Hata hivyo ni yeye aliyewapandisha jukwaani: Titina alianza akiwa mtoto katika kundi lake, akiigiza kama mvulana Peppiniello katika mchezo wa Miseria e nobiltà.

Aliolewa na mwigizaji Pietro Carloni.

Kazi

Mwaka 1931 ndugu hao watatu walianzisha kundi lao la vichekesho, lililopendwa upesi hata nje ya Napoli. Mwaka 1944 Peppino aligombana na Eduardo akajitoa. Titina alibaki na Eduardo.

Miaka hiyo watu walimjua kama mchekeshaji, na mara nyingi kaka zake ndio waliopewa nafasi kubwa. Mambo yalibadilika tarehe 7 Novemba 1946, ulipooneshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa Filumena Marturano, ambao Eduardo aliuandika kwa ajili yake. Filumena, aliyewahi kuwa kahaba, ameishi miaka 25 na tajiri Domenico Soriano bila ndoa. Anajifanya yuko kufani ili amwoe. Ana wana watatu, mmoja wao wa Domenico, lakini anakataa kumtaja ni yupi, ili wote wapate jina na haki sawa. Ni vigumu kutokumbuka hapo utoto wa Titina na ndugu zake.

Aliigiza nafasi hiyohiyo katika filamu ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Eduardo. Wengi nje ya Italia wanaijua hadithi hii kupitia Sophia Loren, aliyeigiza katika filamu ya Matrimonio all'italiana (1964), lakini Filumena wa kwanza ni Titina.

Ugonjwa wa moyo ulimlazimisha kuacha jukwaa katika miaka ya 1950.