Banda la kinyonga: Mtaji unaokula kila siku

Wafanyabiashara wa Tunduma wamezoea bidhaa inayosubiri. Mahindi hukaa ghalani, saruji hukaa stoo, na lori likikwama kwenye foleni ya mpakani mzigo unabaki kuwa mzigo. Kinyonga si bidhaa ya namna hiyo. Anakula, anaumwa, na akifa mtaji umekwenda wote.

Somo hilo liliwafikia wasafirishaji Machi 2016, Serikali iliposimamisha kwa miaka mitatu biashara ya kupeleka wanyamapori hai nje ya nchi. Waliokuwa na mijusi na vinyonga mabandani walibaki na shehena ya kulishwa kila siku bila mnunuzi. Juni 2022 ilitangazwa nafasi ya miezi sita ya kuuza waliobaki, lakini Wizara ya Maliasili na Utalii iliisitisha mwezi huo huo.

Kwa hiyo anayetaka kuwekeza mkoani Songwe apige hesabu ya kumtunza mnyama kwa miaka, si ya kumvusha kwenda Nakonde. Kumvusha bila kibali ni kosa: vinyonga wamo katika Mkataba wa CITES, na Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Njia ya halali ni bustani au shamba la wanyamapori lenye leseni. Mwekezaji aanzie TAWA kabla ya kununua hata msumari.

Ujenzi

Banda liwe refu kwenda juu, maana kinyonga ni mnyama wa matawini. Fremu ya mbao na wavu wa chuma wa matundu madogo hufaa kuliko sanduku la kioo, ambamo hewa hutuama. Ndani ziwekwe fito na mimea ya majani mengi ya kujifichia. Kila dume apewe banda lake, kwani madume hupigana.

Maji ya bakuli hayamsaidii. Kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani, hivyo mimea inyunyiziwe asubuhi na jioni. Jua la asubuhi limfikie moja kwa moja, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia miale inayomsaidia kujenga mifupa. Sehemu ya banda iwe na kivuli, ahamie huko akizidiwa na joto.

Baridi ya Juni na Julai nayo ina gharama. Vinyonga wa milima ya Poroto na Rungwe, katika mkoa jirani wa Mbeya, wameizoea. Wa nyanda za chini wataumia. Taa ya joto ikae nje ya wavu, mnyama asijiunguze. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, moshi wake ni sumu.

Hasara nyingine huingia usiku. Siafu, panya na paka humaliza banda zima. Miguu ya meza ipakwe grisi au isimamishwe kwenye makopo ya maji, na mlango uwe na komeo na kufuli. Panzi wa chakula wasitoke shamba lililopuliziwa dawa.

Mizania

Mbao, wavu na kufuli hulipiwa mara moja. Chakula na mtunzaji hulipiwa kila siku, soko liwe wazi au limefungwa. Asiyeweza kulisha mwaka mzima bila kuingiza shilingi, heri abaki kwenye mahindi.