Kamari ya Farasi kwa Hesabu: Bei, Dau na Daftari (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mbio za farasi zilivyoingia Kenya pamoja na walowezi na kujikita Nairobi. Leo tumtazame mtu aliye Malindi, Watamu au Kilifi mjini. Uwanja wa mbio wa Ngong huko Nairobi hajaufikia, na pengine hataufikia, lakini farasi anawabetia karibu kila siku. Anawaona kwenye skrini ya duka la kamari: milango inafunguka, farasi sita wanatimka, mshindi anatangazwa, na baada ya dakika chache mbio nyingine zinaanza.

Kwanza ajue kwamba farasi hao hawapo. Ni picha za kompyuta, na mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa nasibu, kila farasi akiwa amepewa uzito wake kulingana na bei aliyowekewa. Vijana hukaa na daftari wakiandika matokeo tangu asubuhi. "Namba nne yuko njiani, mwalimu, hajashinda leo," huniambia kwa uhakika kabisa. Namba nne hana njia anayoipita. Programu haikumbuki mbio zilizotangulia, wala haidaiwi ushindi na farasi kwa kuwa ameukosa muda mrefu. Nafasi ya namba nne saa kumi jioni ni ile ile aliyokuwa nayo saa nne asubuhi, kama bei haijabadilika. Daftari hilo ni juhudi, na juhudi ya vijana hawa inanisikitisha kwa sababu ni ya kweli na imepelekwa mahali ambapo haiwezi kuzaa chochote.

Ngong, uwanja uliofunguliwa mwaka 1954 na ulio chini ya Jockey Club ya Kenya, mambo ni mengine. Pale kuna mnyama mwenye damu na mapafu. Kuna uzito anaobebeshwa ili wenye mbio wasiwaache mno wenzao, kuna masafa, kuna udongo uliolowa mvua ya jana, kuna mpanda farasi na mkufunzi wake. Mambo hayo yanasomeka. Pia kuna tote: pesa za wachezaji wote hutiwa katika chungu kimoja, waandaaji hukata fungu lao, kinachobaki hugawiwa walioshinda. Kwa hiyo kwenye tote unashindana na wachezaji wenzako. Ukijua zaidi yao, na ukawazidi kwa kiasi kinachopita lile fungu lililokatwa, unaweza kupata faida. Mmarekani Bill Benter alifanya hivyo Hong Kong kuanzia miaka ya 1980, akiwa na kompyuta, wasaidizi na kumbukumbu za maelfu ya mbio, na ilimchukua miaka kabla ya mfumo wake kukaa sawa. Nidhamu ya Benter ilikuwa kazi ya kutwa, na alifanya kazi hiyo kwa farasi walio hai.

Hapa kwetu Pwani suala la dini halikwepeki. Katika fikihi ya Kiislamu, mbio za farasi zenyewe ni halali, na mafakihi wameruhusu zawadi kwa wanaoshindana kwa masharti waliyoyaeleza kwa kirefu. Mtazamaji kuweka pesa juu ya matokeo ni kamari, na hiyo imekatazwa. Aliyeridhika na hukumu hiyo hana haja ya hesabu inayofuata, isipokuwa kwa ajili ya mwanawe au mdogo wake.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme farasi sita wamewekewa bei, au odi (kiasi ambacho kila shilingi ya dau hurudisha farasi akishinda), za 3.00, 4.00, 5.00, 7.00, 8.00 na 10.00. Tafuta dau litakalokurudishia shilingi 1,000 kwa kila mmoja: gawanya 1,000 kwa bei yake. Utapata 333, 250, 200, 143, 125 na 100. Jumlisha: 1,151. Maana yake ukiwanunua farasi wote, ili uwe na hakika kabisa ya kushinda, utalipa 1,151 upokee 1,000. Hiyo 151 ndiyo riziki ya mwenye duka, na imo ndani ya bei kabla mtu yeyote hajaweka dau. Kwa wastani kila shilingi 100 inayochezwa kwa bei hizo hurudi 87.

Bado kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 hukatwa pesa inapoingia kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 nyingine inapotolewa. Tia 100, zinabaki 95. Baada ya mbio moja ni wastani wa 82 na nusu. Ukizitoa, mkononi unapata 78. Ukizirudisha kwenye mbio za pili kabla ya kuzitoa, makato ya duka huzila tena. Ndiyo maana mbio za kila dakika chache ni hatari kuliko za Jumapili moja moja. Mkeka wa mpira, yaani dau moja la mechi kadhaa, nao uko vivyo hivyo: kama kila mechi inarudisha 93 katika 100, mkeka wa mechi tano unarudisha kama 70, na wa mechi kumi 48.

Je, dau liwe kiasi gani? Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa maabara za Bell Marekani, alitoa kanuni ambayo wachezaji makini wanaitumia hadi leo. Chukua faida ya shilingi moja (bei ukitoa moja), izidishe kwa nafasi ya kushinda unayoiamini, toa nafasi ya kushindwa, kisha gawanya kwa faida ile ile. Farasi wa bei 4.00 ana faida ya 3. Ukiamini nafasi yake ni asilimia 30, jibu ni karibu asilimia 6.7: mwenye akiba ya 3,000 ataweka 200, wala si zaidi. Nafasi ikiwa 25, jibu ni sifuri. Ikiwa 20, jibu liko chini ya sifuri, yaani usicheze. Kwa farasi wa skrini, ambao bei zao zimeshakatwa fungu la duka na hakuna unachokijua kuwahusu, Kelly atakujibu hivyo kila mara.

Wengi hufanya kinyume: wanadabo. Umepoteza 50, weka 100, kisha 200, 400, 800, 1,600. Ukikosa mara sita umeshapoteza 3,150, na dau la saba ni 3,200, ukicheza bei ya 2.00 ili upate faida ya 50. Kwa dereva wa bodaboda hizo ni siku kadhaa za kazi, na mara nyingi dau hilo la saba hulipwa kwa Fuliza, deni lenye ada ya kila siku.

Ninachomwomba anayecheza ni kuacha kuandika namba za washindi na kuandika pesa zake. Achukue taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, apige mstari chini ya kila malipo yaliyokwenda kampuni ya kamari na kila yaliyotoka huko, ajumlishe pande mbili. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, kwani ushindi wa 5,000 husimuliwa maskani mwezi mzima na hasara za 50 hazisimuliwi. Akikuta kila 100 aliyotia imemrudishia 78 au chini yake, hajaandamwa na mkosi. Amelipwa kama bei ilivyosema.

Sehemu ya tatu itachambua Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, na hasa inavyoyabana matangazo.