Mbwa wa Ulinzi na Mlango wa Babu

Jirani yangu wa Kisauni amefuga mbwa kwa kuogopa wezi, na sheria yetu yamruhusu mbwa wa ulinzi. Lakini kutwa humfungia chumbani peke yake. Juzi alinionyesha mlango wa chumba hicho, wa msaji, aliourithi kwa babu yake: nakshi za chini zimeparurwa zote. Akashika bakora. Nikamzuia.

“Ndugu yangu, huo si ujeuri. Mbwa akiachwa pweke huingiwa na hofu, akaukwaruza mlango aliotokea bwana wake. Ukiegemeza ubao utaukinga mlango, hutamtuliza mbwa. Yule wa As’habul Kahf, Kurani yatwambia, alikuwa kizingitini. Wako mweke uani, mpe kivuli na maji.”

Bakora akairudisha pembeni.