Kulehemu au Kubana: Jinsi Nyaya za Ndege Ziungwavyo

Mkulima anayetaka kukata waya wa ua, naye hana koleo, huupinda huku na huku mahali pamoja hata ukakatika. Jambo hilo hilo ndilo adui wa fundi wa umeme katika eropleni, kwa maana injini zikinguruma kila waya hutetemeka safari nzima.

Waya wa ndege hufanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba ili upindike bila kuvunjika. Ncha yake ikiungwa kwa lehemu, lehemu ile ya moto hupanda kati ya nyuzi kama mafuta katika utambi. Ikipoa, mahali hapo huwa pagumu. Na pale ugumu unapokoma ndipo nyuzi zinapokatika moja moja, chini ya ganda, jicho lisione. Tena lehemu yenye bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 huyeyuka kwa joto la digrii 183 za Sentigredi tu.

Mwaka 1941, huko Marekani, Bwana Uncas Whitaker alianzisha kampuni ya Aircraft-Marine Products, iliyotengeneza vichwa vya waya visivyohitaji lehemu, kwa ajili ya ndege na meli. Fundi hutia ncha ya waya katika mrija mdogo wa kichwa hicho, akaubana kwa koleo maalumu lisilofunguka mpaka limebana kwa kadiri iliyowekwa. Akitumia koleo la kawaida kazi yake ni bure: ukibanwa kidogo waya huchomoka, ukibanwa mno nyuzi hukatika.

Hata hivyo lehemu haikuachwa, kwani vibao vya elektroniki huungwa kwayo. Tarehe 28 Desemba 2014, ndege aina ya Airbus A320 iliyotoka Surabaya kwenda Singapore ilianguka katika Bahari ya Java, wakafa watu wote 162. Wachunguzi wa Indonesia walikuta nyufa katika lehemu ya kibao cha chombo kinachouzuia usukani wa mkia usigeuke kupita kiasi. Hitilafu ya chombo hicho ilikuwa imeandikwa mara 23 katika miezi 12 iliyotangulia. Siku ile ilirudi tena na tena, na katika kuishughulikia marubani wakashindwa kuitawala ndege.

Basi kuchagua njia iliyo bora hakutoshi. Fundi mwema hutumia chombo kilichopimwa, na hitilafu ikirudi mara ya pili haridhiki mpaka ameijua asili yake.