Kijiji cha Borat: Dunia ilicheka, wenyewe hawakujua kichekesho ni wao

Huenda umeitazama filamu ya Borat. Kama hujaitazama, basi klipu zake umekutana nazo TikTok: jamaa wa masharubu mazito na suti ya kijivu, Kiingereza cha kuungaunga, akikutembeza kijijini kwao Kazakhstan.

Sasa sikiza. Kile kijiji hakiko Kazakhstan, hata karibu hakiko. Kiko Romania, kwenye milima iliyo kaskazini magharibi mwa jiji kuu Bucharest, na kinaitwa Glod. Kwa Kiromania, jina hilo maana yake ni matope.

Na ile lugha anayoongea Borat akijifanya ni Kikazakh? Ni Kiebrania. Sacha Baron Cohen, anayeigiza Borat, ni mchekeshaji Myahudi kutoka Uingereza. Yule jamaa mnene anayezunguka naye Marekani anamjibu kwa Kiarmenia. Yaani wawili hao wanapiga stori filamu nzima, kila mtu na lugha yake, na Mkazakh halisi hayupo hapo.

Mpaka hapo ni utani mtamu, sitakudanganya. Shida ni kwamba wale watu unaowaona dakika za kwanza si waigizaji. Ni wanakijiji wa Glod, nje ya nyumba zao.

Wengi wao ni Waroma, jamii ambayo Ulaya imeibagua kwa karne nyingi. Pale Romania, Waroma walikuwa watumwa hadi katikati ya karne ya 19, jambo ambalo ni nadra kufundishwa shuleni. Wakati kikosi cha filamu kilipofika Glod, barabara haikuwa na lami, maji ya mfereji yalikuwa shida na kazi za mshahara zilikuwa za kuhesabu. Gari la kamera likiingia mahali kama hapo na wageni waseme wanatafuta watu wa kupiga picha, nani ataanza kuuliza maswali?

Wanakijiji walisimulia baadaye kwamba waliambiwa inatengenezwa dokumentari kuhusu maisha yao. Baadhi walisema walilipwa kama pauni tatu. Kampuni ya 20th Century Fox, iliyotoa filamu hiyo, ilikanusha, ikasema wenyeji walilipwa zaidi ya kiwango cha kawaida na kijiji kikapewa msaada, zikiwemo kompyuta za shule.

Chagua wa kuamini. Lakini hata ukichukua hesabu ya kampuni, bado swali halijajibiwa. Hao watu walijua wanauza nini?

Kwa sababu ukiangalia kilichoonyeshwa, mwanamume mmoja anatambulishwa kama mbakaji wa kijiji, na anatabasamu tu. Watoto wa chekechea wanaonyeshwa wakiwa na bunduki. Mwanamke mzee anatajwa kuwa mama yake Borat mwenye umri wa miaka 43. Mwanamke mwingine ni dada yake, ambaye ni kahaba, na Borat anambusu mdomoni mbele ya kamera. Kisha Borat anaondoka kwenda Amerika ndani ya gari linalovutwa na farasi, na kijiji kinampungia mkono.

Wao hawakuwa wakifahamu Kiingereza. Walikuwa wanapungia mkono mgeni mcheshi.

Filamu ilitoka Novemba 2006. Iligharimu takriban dola milioni 18 na ikaingiza zaidi ya milioni 260 kote duniani. Januari iliyofuata, Baron Cohen alitwaa tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora katika vichekesho. Waandishi wa habari wakamiminika Glod na kuwaonyesha wanakijiji kile walichoigiza. Hebu fikiria unajiona kwenye skrini, mwanao amekaa kando yako, halafu mtu anakutafsiria kile kinachosemwa juu yako.

Wawili kati yao walienda kortini New York wakidai dola milioni 30. Wakili aliyewabebea kesi alikuwa na jina: ndiye aliyejulikana kwa kesi za manusura wa mauaji ya Wayahudi dhidi ya benki za Uswizi. Desemba 2006 jaji akasema madai hayo hayakueleza mambo kwa kina na hayangeweza kuendelea vile yalivyokuwa. Mamilioni hayo hayakuja. Wakili mwenyewe alifutwa kwenye orodha ya mawakili wa New York mwaka wa 2008, kwa mambo mengine kabisa. Yaani wageni wawili waliingia kijijini na ahadi, mmoja akiwa na kamera na mwingine na faili.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni ya karatasi, na hii haikutoka Glod. Ilitoka Marekani, kwa watu waliosoma na wanaojua Kiingereza vizuri. Kuna mwalimu wa udereva aliyelipwa dola 500 akidhani anasaidia mwandishi wa kigeni anayetengeneza dokumentari. Kuna mwalimu wa adabu za mezani na wenzake walioandaa chakula cha jioni. Wote walishtaki na kesi zao zikatupwa mwaka wa 2008.

Kwa nini? Kwa sababu mkataba waliotia saini haukusema “dokumentari”. Ulisema filamu ya mtindo wa dokumentari. Neno hilo moja, mtindo. Jaji akaona kwamba Borat kweli imepigwa kwa mtindo wa dokumentari, basi hakuna aliyedanganywa kwenye karatasi. Tena kulikuwa na kipengele kinachosema kwamba anayetia saini hategemei ahadi yoyote aliyopewa kwa mdomo kuhusu filamu ni ya aina gani au ina nani ndani. Maneno yote matamu ya yule kijana wa prodakshoni yalikufa pale kalamu ilipogusa karatasi.

Usidhani nasema kila Mzungu mwenye kamera ni tapeli. Kuna mji Ujerumani, mpakani na Poland, unaoitwa Görlitz. Mwaka wa 2013 Wes Anderson alienda huko na kikosi chake kupiga The Grand Budapest Hotel, ambayo pia ni kichekesho. Waligeuza duka kubwa la zamani lililokuwa limefungwa likawa hoteli ya kifahari, na wenyeji wakachukuliwa kuigiza sehemu ndogondogo. Leo mji huo unajitangaza kwa watalii kwa jina la Görliwood. Lakini Görlitz ilijua inachofanya: ina ofisi, ina wanasheria, na watu wake walivalishwa mavazi ya filamu, wakajua wanaigiza.

Hata Kazakhstan yenyewe, iliyotukanwa kuliko wote, ilipata njia. Mwanzoni serikali ilikasirika. Kufikia 2012 waziri wa mashauri ya kigeni alikuwa akimshukuru Borat kwa kuongeza watalii, na 2020 bodi ya utalii ikachukua maneno yake ya “Very nice!” ikayafanya kaulimbiu. Nchi yenye mafuta inaweza kucheka nao. Glod ingeuza nini, fulana?

Sasa rudi hapa kwetu. Vlogger wa kutoka ng’ambo anaingia mtaani na drone, anataka “maisha halisi”. Au ni msee wa prank, mtoto wa hapahapa, anakusogezea maikrofoni stejini ukingoja matatu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa nguvu kiasi, kwa sababu picha yako ni data yako. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Lakini usilale sana, sheria hiyohiyo imeacha nafasi kwa kazi za sanaa na uanahabari, na ukishatia saini, mambo ni tofauti kabisa.

Kwa hivyo ukiletewa fomu, usiangalie tu ile laini ya pesa. Tafuta ni mahali gani imeandikwa filamu hiyo ni ya aina gani, na kama neno “mtindo” au ndugu yake limejificha hapo. Tafuta kama wanaweza kubadilisha sauti yako au kuweka maneno yasiyo yako. Kama uliambiwa jambo kwa mdomo, mwambie aliandike kwenye karatasi hiyohiyo, hata kwa kalamu. Akisema hakuna wakati, jua kamera bado inakungoja wewe, si wewe unaiongoja. Na kabla hujairudisha, toa simu uipige picha, kurasa zote, hata ile ya nyuma yenye maandishi madogo.