Baridi, Joto na Kuyeyuka: Msamiati wa Nishati kutoka Moshi hadi Kibo

Mnamo tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann akiwa safarini kuelekea Uchagani aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia aliutaja weupe huo kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alishikilia kuwa ni theluji, na huko London mwanajiografia Cooley akambishia kwa miaka mingi. Kiongozi yule hakukosea. Alikipa kitu jina kwa namna mwili unavyokihisi, na hivyo ndivyo sehemu kubwa ya msamiati wa joto katika Kiswahili ulivyojengwa. Msamiati wa hisia unatosha kabisa jikoni na njiani. Matatizo huanza pale unapotakiwa kubeba themodinamiki, yaani elimu ya nishati na mabadiliko yake, ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano huisoma kwa Kiingereza huku akiifikiria kwa Kiswahili.

Katika matumizi ya kawaida, baridi huingia: huingia chumbani, huingia mifupani. Kwa mwanasayansi hakuna kinachoingia. Nishati hutoka mwilini kwenda kwenye hewa, na baridi ni jina la upungufu huo. Neno joto nalo hubeba dhana mbili ambazo sayansi haikubali zichanganywe. Kikombe cha chai chenye nyuzi 80 za Selsiasi kina halijoto kubwa kuliko ndoo ya maji yenye nyuzi 40, lakini kuifikisha ndoo hiyo kwenye nyuzi 40 kulihitaji kuni nyingi zaidi. Halijoto ni kipimo cha hali. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu chenye halijoto kubwa kwenda chenye halijoto ndogo. Wanaleksikografia walipounda halijoto, na jotoridi kandokando yake, hawakuwa wakipamba lugha. Walikuwa wakitenganisha dhana mbili ambazo mtihani wa fizikia huzitenganisha kila mwaka. Inasikitisha kwamba magazeti bado huandika joto pale yanapokusudia halijoto.

Kitenzi kuchemka kina hila yake. Mjini Moshi maji huchemka kwenye takriban nyuzi 97. Katika Kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, huchemka kwenye takriban nyuzi 80. Mpagazi anayetokosa maharage huko juu huona mapovu yaleyale, lakini maharage hayaivi. Kuchemka, basi, hakutaji halijoto fulani. Hutaja hali ambapo mgandamizo wa mvuke umelingana na ule wa hewa.

Kitenzi chenye utajiri zaidi, na hatari zaidi, ni kuyeyuka. Barafu huyeyuka ikawa maji. Sukari huyeyuka katika chai. Hata fedha huyeyuka mfukoni. Kwa mkemia, tukio la kwanza ni badiliko la hali ya kitu kimoja, na la pili ni kuchanganyika kwa vitu viwili. Sasa ichukuliwe sentensi inayosikika mara nyingi: theluji ya Kilimanjaro inayeyuka. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu mlimani lilipungua kwa takriban asilimia 85, na uyeyukaji umo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, juu ya Kibo, katika hewa kavu na halijoto iliyo chini ya sifuri, sehemu muhimu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kuyeyusha kilo 1 ya barafu huhitaji takriban kilojuli 334. Kuigeuza mvuke moja kwa moja huhitaji takriban kilojuli 2,830, zaidi ya mara nane. Nishati hiyo hutokana hasa na jua. Kitenzi kimoja kimefunika michakato miwili yenye gharama tofauti kabisa.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa barafu inapaswa kufyonza nishati nyingi hivyo, kwa nini igeuke mvuke kabisa? Mabadiliko mengine, kama uchachukaji wa mbege, hutoa joto, na ni rahisi kudhani kwamba kila badiliko la hiari lazima litoe joto. Jibu limo katika entropia: molekuli zilizofungwa katika barafu hupata njia nyingi mno za kutawanyika zinapokuwa mvuke, na katika hewa kavu faida hiyo huishinda gharama ya nishati. Wapo wanaotafsiri entropia kuwa vurugu. Tafsiri hiyo ina ladha, lakini humfanya mwanafunzi afikirie fujo za sokoni badala ya idadi ya mipangilio inayowezekana. Neno la mkopo lina heri.

Mfano wa Erasto Mpemba unafaa hapa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa alioutia kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umepoa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye alimwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyelipima swali hilo kwa majaribio. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, Mpemba akiwa Chuo cha Mweka, kwenye miteremko iliyo juu ya Moshi. Mwaka 2016 Burridge na Linden walitilia shaka ushahidi wa athari hiyo, na sehemu ya ubishi huo ni ya kisemantiki: kuganda ni kufikia nyuzi sifuri, ni kutokea kwa chembe ya kwanza ya barafu, au ni chombo kizima kuwa kigumu? Kiswahili kina damu iliyoganda, maziwa ya mgando na maji yaliyoganda, na katika yote matatu hakitaji ni wakati gani hasa kuganda kumetimia.