Je, Wajua Rejeta Huonyesha Penye Ugonjwa?

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila huyatia moto, pampu huyasukuma ndani ya mabomba, nayo hupita kwenye rejeta za chuma zilizofungwa ukutani, yakaacha joto chumbani na kurudi kuchukua jingine. Rejeta ya kilowati 1.5 hutosheka na takriban lita moja kwa dakika, ikiwa maji yanaingia na nyuzijoto 70 na kutoka na 50. Ni kiasi kidogo, lakini kisipofika, boila itanguruma usiku kucha na chumba kibaki baridi.

Zamani maji yalizunguka bila pampu. Mita moja ya ujazo ya maji yenye nyuzijoto 60 ina uzito wa kilo 983. Yakifika 80 hubaki kilo 972. Yale mazito hushuka yakiyapandisha mepesi. Vipasha maji vya jua vyenye tangi juu ya paneli, kama vinavyoonekana kwenye mapaa ya Nairobi, hutumia njia hiyo mpaka leo. Ila msukumo wake ni hafifu: katika kimo cha mita tano, haushindi uzito wa maji ya kina cha sentimita sita, kwa hiyo mabomba yalilazimika kuwa manene. Mwaka 1928 Wilhelm Opländer wa Dortmund, Ujerumani, alibuni pampu ya kuharakisha mzunguko. Siku hizi bomba la milimita 15 linatosha kulisha rejeta, na pampu ikigoma, nyumba nzima hupoa.

Kabla ya kumlipa mtu abadilishe boila, pitisha kiganja juu ya kila rejeta. Ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa. Zima mfumo, uache upoe, kinga kitambaa, kisha legeza kidogo kiskrubu cha pembeni kwa ufunguo wake mpaka maji yatoke. Baadaye tazama geji: mifumo mingi iliyofungwa hutaka presha ya kati ya bar 1 na 1.5 ikiwa baridi.

Ikiwa moto juu na baridi chini katikati, hilo ni tope, na hapa ndipo penye maradhi yenyewe. Maji yanayotoka huwa meusi kama wino. Weusi huo ni magnetiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Chuma cha rejeta huliwa taratibu na maji, na pale oksijeni inapokuwa haba huzaliwa vitu viwili: magnetiti na gesi ya haidrojeni. Magnetiti hutuama chini ya rejeta, huziba mabomba membamba na kusaga pampu. Haidrojeni hukusanyika juu. Kwa hiyo rejeta inayodai kutolewa “hewa” kila baada ya wiki chache huenda inakuambia kwamba inaoza kwa ndani, na gesi hiyo huwaka, usiisogezee moto.

Wengi huharibu mfumo kwa nia njema. Presha ikishuka, huongeza maji. Ikishuka tena, huongeza tena. Kila maji mapya huleta oksijeni mpya, na kutu hupata chakula. Tafuta panapovuja kwanza. Kisha mfumo usafishwe, utiwe dawa ya kuzuia kutu, na ufungwe kichujio cha sumaku karibu na boila. Kutia dawa juu ya tope zito bila kusafisha ni kupoteza fedha.

Rejeta moja ikiwa baridi yote, chunguza vali yake ya kudhibiti joto. Ndani mna kijiti ambacho hunata baada ya kiangazi. Ondoa kichwa cha vali, ubonyeze kijiti hicho polepole mpaka kicheze. Pampu nayo huweza kukwama kwa kukaa kimya miezi hiyo hiyo. Ila boila ya gesi usiifungue. Uingereza kazi hiyo ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe.

Na kama rejeta za karibu na boila zinachoma huku za mbali zikiwa vuguvugu, huenda hakuna kilichoharibika. Maji hufuata njia nyepesi. Bana kidogo vali ya kutokea maji kwenye zile za karibu, uache za mbali wazi, kisha subiri joto litulie kabla ya kugusa tena.